Merlyn Mk 11A: namba ya chesisi imepata ushahidi

Ninakagua gari hili la zamani la Formula Ford (mbio za magari madogo ya kiti kimoja yenye injini ya Ford) kabla ya kulinunua. Fremu yake imekubali kutoa siri yake, na nina furaha kupita kiasi kwa ajili ya kipande cha bomba.

Bodi ya fiberglasi nimeimaliza haraka: nyufa za rangi, na pua iliyobadilishwa. Kwani kuna Formula Ford ya miaka hiyo yenye pua yake ya kwanza? Injini ya Ford ya cc 1600 nayo si hoja. Mbioni injini huchakaa ikawekwa nyingine, na mnunuzi mzoefu anajua. Kilichoninyima usingizi ni kibati cha namba: kikuukuu, lakini ribiti zake mpya. Huenda fremu ilipakwa rangi upya tu. Huenda pia kibati kilihamishiwa fremu ya juzi, na hapo bei inaporomoka, hasa kwa aina hii aliyoiendesha Emerson Fittipaldi, dereva maarufu wa Brazil, mwaka 1969.

Muuzaji alininyooshea pasi ya kihistoria ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kana kwamba mjadala umekwisha. Pasi ile inathibitisha kuwa gari linafuata vipimo vya enzi yake. Haithibitishi kuwa ndilo lenyewe!

Basi nikakwangua rangi kwenye maungio. Mengi yameungwa kwa shaba, kizamani. Mabomba mawili ya mbele yana welding ya MIG, ile ya umeme ya kisasa zaidi, tena mbaya, kwa hiyo liligongwa likarekebishwa. Vipimo vya mishazari miwili ya mbele ya fremu vinapishana milimita 2. Naweza kuishi na kasoro hizo. Kipima unene cha mawimbi ya sauti kilinipa tarakimu za ovyo, maana kichwa chake hakikai vizuri kwenye bomba jembamba. Kamera ya waya na nyundo ndogo vilinisaidia zaidi: kutu ya ndani ipo, ila haijala sana.

Halafu, nyuma ya kiti, chini ya rangi, nikakuta masalia ya shaba ya mihimili miwili ya rolbaa ya zamani (upinde wa chuma unaomkinga dereva gari likipinduka), iliyokatwa na kusagwa. Wa kushoto ulikaa chini kuliko wa kulia. Kwenye picha ya zamani iliyomo katika faili la gari, inayoonyesha gari lenye namba hiyohiyo, mhimili wa kushoto umekaa vilevile, upogo. Kiwanda hakingeupanga hivyo, na mwigaji hana sababu ya kuuweka kisha kuusaga.

Leo ilikuwa zamu ya giaboksi ya Hewland na kupima mgandamizo wa silinda. Bado sijavigusa. Natafuta picha za Mk 11A nyingine kwa nyuma, nihakikishe upogo huo ni wa gari hili peke yake. Nikiridhika, ofa yangu itakuwa ya gari lenye fremu yake halisi, kutoa gharama ya mabomba mawili ya mbele.