Siku moja na karatasi za moyo, Tanga

Saa 12:20 asubuhi natoka Makorora kwa baiskeli, kitumbua mkononi, upepo wa bahari usoni. Saa 1:30 makabidhiano ya zamu hospitalini. Wagonjwa sita wanasubiri kipimo cha moyo, mashine ya ECG, inayochora umeme wa moyo karatasini, ni moja, na karatasi imebaki roli moja na kipande.

Saa 2. Wa kwanza ni mzee mvuvi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Huo mtambo wako haupigi shoti?"

Namwambia hauleti umeme, unausikiliza ule alio nao moyoni. Waya kumi: nne mikononi na miguuni, sita kifuani. Nahesabu mbavu kwa kidole mpaka nafasi ya nne, kulia kwa mfupa wa kidari, nabandika V1, waya wa kwanza wa kifuani. Karatasi inatoka na miiba mitupu, kama mfupa wa samaki. Interni wangu, aliye mazoezini, anakodoa macho, tayari kuita daktari. Namwonyesha mzee mwenyewe badala ya karatasi: feni iko juu yake, meno yanagongana. Nazima feni, namfunika shuka, narudia. Mdundo wa kawaida, mapigo 72 kwa dakika, kila QRS, kile kilele kirefu cha vyumba vya chini vya moyo, imetanguliwa na P yake, kinundu kidogo cha vyumba vya juu.

Saa 4. Mama wa makamo kutoka Pangani. Anasema moyo unamruka na akipanda ngazi anahema. Kabla ya waya nashika kifundo cha mkono wake, maana kidole hakiishiwi karatasi. Mapigo yanakuja kama matone ya mwanzo ya mvua juu ya bati: mawili ya haraka, kimya, moja, matatu tena.

Interni anaanza kuhesabu kama alivyofundishwa, 300 gawanya kwa maboksi makubwa ya karatasi kati ya vilele viwili. Hapa anapata 100, hatua mbili mbele anapata 150. "Ipi sasa, kaka?" Hakuna. Kanuni ile inataka mapigo yanayolingana. Ukanda wa chini una sekunde 10, kwa hiyo tunahesabu vilele vyote, 23, mara 6: 138 kwa dakika.

Kisha nachana pembe ya bahasha kuukuu, naiweka chini ya vilele, naweka alama tatu kwa penseli, naisogeza. Mdundo ungekuwa wa kawaida, alama zingeangukia vilele vinavyofuata. Hazianguki popote. Na P? Tunaitafuta kila mstari. Kuna mtikisiko mdogo tu, kama maji ya bandarini jioni. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kukaza, damu inatuama humo na inaweza kuganda. Kipande kikikatika na kupanda kwenye ubongo, ni kiharusi.

Namuuliza kama utotoni aliwahi kuumwa maungo. Anatulia. "Goti lilivimba, likapona, uvimbe ukahamia kiwiko. Mama alinikanda maji ya moto." Homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo, huacha vali zimekunjamana, na vali iliyobana ni mlango wa mdundo huu. Daktari ameagiza ultrasaundi ya moyo, na dawa ya kuzuia damu kuganda ataiamua yeye.

Saa 7. Wali maharage, chungwa la Muheza.

Saa 8:30. Aibu yangu. Interni anakuja mbio: "Kaka, huyu moyo wake uko kulia!" Kweli, mstari wa I, unaosoma kutoka mkono hadi mkono, uko kichwa chini miguu juu, na aVR, unaotazama moyo kutoka mkono wa kulia, umesimama. Lakini kifuani vilele vinakua vizuri kutoka V1 kwenda V5. Moyo wa kulia ungevifanya vipungue. Namwangalia mgonjwa. Waya wa mkono wa kulia uko kushoto. Niliufunga mimi, simu ikiwa begani. Karatasi imepotea bure.

Saa 10. Babu wa miaka sabini na ushei, ameletwa na mwanawe baada ya kuzimia msikitini mara mbili. Mapigo 36. Safari hii P zipo, nyingi kuliko QRS. Interni anatoa mfukoni ile pembe ya bahasha bila kuambiwa. Anazifuata P: zinalingana, nyingine zimejificha ndani ya T, wimbi linalofuata QRS. Anazifuata QRS: nazo zinalingana, ila kwa mwendo wao. Hakuna anayemsikiliza mwenzake.

"Zimeachana," ananong'ona.

Zimeachana kabisa, juu panaamrisha, chini hapapati habari. Betri ya moyo atawekewa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mwanawe anauliza kama hawawezi kungoja mpaka Ijumaa ipite. Babu anamkata: "Ijumaa nimeshaanguka nazo mbili."

Saa 12 jioni gari la wagonjwa linatoka getini na nesi ndani. Roli haijafika nusu, na bahasha yangu sijarudishiwa.