Muda-anga haujitokezi popote tu

Kati ya njia zote za graviti ya kwanta, yaani kueleza graviti kwa kanuni za kwanta, ya wanafizikia Ambjørn, Jurkiewicz na Loll ndiyo inayoonyesha waziwazi kizingiti ambapo muda-anga (muda na anga vikiwa kitu kimoja) hujitokeza. Unaunganisha simpleksi, vipande vidogo vya dimensheni nne vyenye vipeo (ncha) 5 kila kimoja, kisha unaiachia kompyuta ivipange upya kwa Monte Carlo, yaani kwa kubahatisha mara nyingi. Sharti: vikae katika matabaka ya muda, na anga lisigawanyike njiani.

Sharti hilo si urembo. Bila hilo kuna hali mbili tu: ama simpleksi zinajikunyata kuzunguka vipeo vichache, ama zinatawanyika kama matawi. Mwaka 1996 mpaka wa hali hizo ulionekana kuwa wa daraja la kwanza, yaani mfumo unaruka ghafla, na njia ikafungwa.

Kwenye matabaka kuna namba tatu za kurekebisha: κ4 inayodhibiti idadi ya simpleksi, κ0 inayohusu nguvu ya graviti, na Δ inayohusu tofauti ya urefu wa kingo za muda na za anga. κ4 haikupi uhuru: ikiwa chini ya kizingiti chake simpleksi zinaongezeka bila kikomo, ikipita zinakwisha. Isogeze mpaka idadi itulie, ndipo uchezee κ0 na Δ. κ0 ikizidi unaangukia hali A, ambako matabaka jirani hayana habari na mwenzake. Δ ikipungua mno unapata B: ujazo wote umerundikana tabaka moja. Kati yake, mathalani κ0 = 2.2 na Δ = 0.6, kuna C. Humo, kwa simpleksi 362,000 na matabaka 80, ujazo wa anga, tabaka hadi tabaka, unafuata kosaini ya kipeo cha 3 (cos³), umbo lilelile la ulimwengu wa de Sitter, ulimwengu mtupu wenye konstanti ya kosmolojia tu. Chembe inayotangatanga humo huona dimensheni 4.02 ± 0.1 safari ikiwa ndefu, na 1.80 ± 0.25 ikiwa fupi. Hatua za mwanzo kabisa zitupe; hapo unapima simpleksi zenyewe.

Wengi hushangilia wakifika C. Mapema mno! Ulimwengu huo una upana wa urefu wa Planck (kipimo kidogo mno ambako graviti ya kwanta hutawala) kama 20 tu. Ili ukubwa wa kila simpleksi upungue hadi sifuri unahitaji mpaka wa daraja la pili, ambako sehemu za mbali huendelea kuathiriana. Mpaka wa A na C haufai: histogramu ya vipimo vyake ina vilele viwili, dalili ya kuruka ghafla, na bonde kati yake huzama kadiri simpleksi zinavyoongezwa. Matumaini yako upande wa Δ ndogo, ambako kati ya B na C kumegunduliwa hali ya nne, Cb. Mpaka wa B na Cb ni wa daraja la pili, lakini karibu nao mfumo husahau mpangilio wake wa zamani polepole mno. Kilele kimoja kwenye simpleksi chache kisikudanganye. Ongeza idadi, rudia kutoka mipangilio tofauti ya mwanzo, uone kama kitagawanyika.