Mti Wenye Mdomo: Kutoka Chapultepec hadi Cuernavaca

Kwenye metro ya Jiji la Mexico unaweza kushuka panapotakiwa bila kujua neno la Kihispania. Kila stesheni ina mchoro wake, utaratibu uliobuniwa na Mmarekani Lance Wyman metro ilipofunguliwa mwaka 1969. Coyoacán ni koyoti, jamaa wa mbweha. Chapultepec ni panzi.

Panzi huyo si mgeni mjini. Karne nyingi nyuma wachoraji-waandishi wa Kinahuatl, lugha ya Wamexica (Waazteki), walioitwa tlacuilo, walimweka juu ya kilima: chapolin ni panzi, tepetl ni kilima, na msomaji akajua ni Chapultepec. Simuni nilikuwa na Kodeksi Mendoza, kitabu cha michoro kama hiyo, kilichochorwa kama mwaka 1541. Mexico ilikitoa kidijitali mwaka 2015. Chenyewe kimekaa Oxford, Uingereza, tangu 1659, na sijasikia kama kinafungashwa kirudi.

Kurasa za kodi zimejaa miji iliyotawaliwa na Wamexica. Nyoka juu ya kilima, Coatepec: hiyo hata mtoto anaisoma. Nilichokodolea macho ni meno. Meno meupe, ufizi mwekundu, yamepachikwa kwenye majina yanayoishia na -tlan. Mji wa meno? Hapana. Kiambishi hicho kinataja mahali penye kitu fulani, ila kinasikika kama tlantli, jino. Ni sawa na kuchora paa wa porini ukitaka watu wasome paa la nyumba. Basi hizi si picha za kupamba tu, zinatoa sauti.

Basi la Cuernavaca linaondokea Taxqueña, mwisho wa laini ya 2. Lilipanda milima ya misonobari, baridi ya kuvaa sweta, kisha likateremka kwenye joto na maua. Mji huu zamani ni Cuauhnahuac, karibu na miti. Mti unachoreka; "karibu na" utaichoraje? Tlacuilo alichukua nahuatl, usemi unaosikika vizuri, akautoboa mti mdomo kwenye shina na kuutoa mkunjo wa maneno, alama ya usemi, mdomoni. Waspania walishindwa kulitamka jina, wakasema Cuernavaca, yaani pembe la ng'ombe, mnyama waliyemleta wenyewe!

Niliangalia mchoro huo nikiwa mbele ya Kasri la Cortés, kiongozi wa Waspania walioivamia Mexico, lililojengwa miaka ya 1520 juu ya mahali palipokuwa pakikusanywa kodi. Sasa ni makumbusho. Kuta nene, joto linabaki nje.

Mji wa Tulancingo sijafika. Kwenye michoro ni matete, na chini yake mtu kuanzia kiunoni, makalio yote nje, kwa sababu -tzinco, mwisho wa jina hilo, inasikika kama tzintli, makalio. Mlinzi niliyemwonyesha simu aliangua kicheko, kisha akanielekeza: mabasi ya huko usiyatafute Taxqueña, nenda kituo cha kaskazini.