Vema kwenye jibu la kosa

Sikuwa natafuta kitu. Binti yangu alikuwa ameacha daftari la hisabati mezani, nami nikalifungua huku nasubiri simu ipate chaji. Swali: 3/4 ÷ 1/2. Jibu lake: 3/8. Kando yake, kwa wino mwekundu, alama kubwa ya vema. Nikadhani mwalimu kateleza, maana nani hatelezi? Nikageuza ukurasa. Maswali 6 ya kugawanya sehemu, yote kazidisha juu kwa juu na chini kwa chini bila kupindua sehemu ya pili, na yote yamepata vema. Chini kabisa: "Kazi nzuri."

Nikamwita. Nikamwuliza, ukiwa na robo tatu ya kitu, humo ndani mna nusu ngapi? Akafikiri, akasema moja na kidogo. Basi jibu linawezaje kuwa 3/8, ambayo haifiki hata nusu moja? Akanitazama kwa huruma.

"Mama, si mwalimu ameweka vema?"

Usiku uleule nikafanya kosa langu mwenyewe. Niliupiga picha ukurasa nikaurusha kwenye grupu la wazazi wa darasa, na maneno makali juu yake. Jumbe zikamiminika. Mmoja alisema mwalimu huyo huchelewa vipindi, mwingine kwamba ni mkali, mwingine kwamba ni mpole mno, mwingine akahamia kwenye mavazi yake. Kufikia asubuhi kuna mtu, mpaka leo simjui, alikuwa ameshamtumia mwalimu mazungumzo yote.

Nilipofika shuleni nilipokewa kwa adabu iliyonyooka kama rula. Nikatoa daftari, hakuliangalia. "Mama, malalamiko yenu nimeyasoma yote," alisema. Niliomba radhi, na nilimaanisha, lakini radhi ya asubuhi haifuti matusi ya usiku. Tulikaa dakika 10 na hatukugusa sehemu hata moja.

Aliyeninusuru ni dada yangu, ambaye naye ni mwalimu, ingawa si wa shule hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ukimwambia mwalimu mkuu kwamba mwalimu fulani hafundishi vizuri, atakutuliza. Mpelekee tarehe." Na akanionya nisiruke ngazi. Swali la kwanza nitakaloulizwa kule juu ni kama nimeshaongea na mwalimu mwenyewe, na yale ya siku ile hayahesabiki kuwa maongezi.

Kwa hiyo nikaazima madaftari ya watoto wengine 4, wasiokaa dawati moja, maana waliokaa pamoja huenda wamenakiliana. Nikachora jedwali kwenye karatasi moja: tarehe, swali, jibu la mtoto, alama aliyopewa, jibu sahihi. Basi. Habari za mavazi, ukali na upole hazikuingia, wala kuchelewa vipindi, kwa sababu hilo nililisikia tu. Kazi hiyo ilinitoa hasira kuliko nilivyotaka. Ni vigumu kumchukia mtu huku unapanga tarehe.

Watatu kati ya wale 4 walikuwa wamekosea kwa njia ileile ya binti yangu. Mmoja anakosea, utasema mtoto hakuwa makini. Wote hawa wakikosea kwa mtindo mmoja, kosa limetoka ubaoni. Daftari la nne ndilo lililonishangaza. Mvulana mmoja alikuwa ameandika 1 1/2, jibu sahihi kabisa, akapewa alama ya kosa. Chini yake yapo masahihisho, mara tatu, kwa mwandiko wa kujilazimisha: 3/8, 3/8, 3/8. Nililiandika kwenye jedwali bila kulielewa.

Nikarudi kwa mwalimu, peke yangu, baada ya vipindi. Safari hii nilimpa karatasi nikanyamaza. Aliisoma taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kisha akasema, "Mimi ni mwalimu wa lugha, mama."

Mwenzake wa hisabati alikuwa amekwenda likizo ya uzazi katikati ya muhula, ratiba ikapangwa upya, naye akajikuta na vipindi ambavyo hakuna aliyemwuliza kama anaviweza. Aliona haya kusema. Madaftari yalikuwa zaidi ya 60, na majibu yenyewe hakuwa na uhakika nayo. Kwa hiyo kila jioni alianza na daftari la mwanafunzi anayemwamini, mengine akayalinganisha nalo.

Nikamwuliza ni daftari la nani.

Hakujibu. Aligusa lile lililokuwa mkononi mwangu.

Nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimekuja na hoja zangu zimepangwa, na sasa kosa la yule mvulana lilikuwa limepimwa kwa kosa la mwanangu. Nilimwambia bado lazima nifike kwa mwalimu mkuu, ila ningependa atangulie yeye. Akaahidi kwenda kabla ya Ijumaa. Ijumaa ikapita, hakwenda. Nilimhurumia, lakini watoto walikuwa wanasonga mbele kwenye desimali juu ya msingi uleule mbovu.

Tulikwenda wazazi 4. Tulikuwa tumekubaliana mambo mawili: anayezungumza ni mmoja, na watoto wasisikie lolote nyumbani. Hofu kwamba mtoto atalipiziwa ipo kwa kila mzazi, tusidanganyane, na njia pekee niliyoiona ya kuipunguza ni kutomfanya mtoto kuwa mjumbe.

Mwalimu mkuu alianza kwa wimbo tulioutarajia, walimu hawatoshi. Tukamwambia hatujaja kuomba mtu afukuzwe. Tunaomba mwalimu wa taaluma aingie darasani aone kipindi kinavyokwenda, mada ya sehemu irudiwe na mtu wa hisabati, madaftari yasahihishwe upya, na tupewe siku ya kurudi kupata jibu. Hapo kwenye siku ndipo alipotaka kuteleza: "Tutawaita." Tukamwomba kwa heshima aiandike kwenye shajara yake, akaandika. Tulimwachia nakala ya jedwali, halisi nikabaki nayo. Siku ilipofika hapakuwa na jibu. Nikamkumbusha kwa barua fupi, nikataja kwamba hatua inayofuata ni kamati ya shule, bila neno kali hata moja. Alijibu baada ya siku mbili.

Suluhisho lenyewe lilikuwa jepesi mpaka linaudhi. Mwalimu wa hisabati wa mkondo wa pili alichukua vipindi vyetu, na mwalimu wetu akachukua vyake vya lugha. Hakuna aliyeajiriwa, hakuna aliyeondoka. Toka nilipofungua lile daftari mezani zilikuwa zimepita wiki 9, na muhula ulikuwa ukingoni. Sehemu tulizirudia nyumbani likizo nzima, binti yangu akinuna kwa kila swali.

Kwenye grupu niliandika kuomba radhi kwa ule usiku. Watu watatu waliweka dole gumba, wengine wakaendelea na habari za sare.

Mama wa yule mvulana alinisimulia mengine tukiwa getini. Ile 1 1/2 mwanawe aliitetea jioni nzima, na yeye ndiye aliyemkalisha chini aandike masahihisho, maana mwalimu keshasema ni kosa. Mwalimu mpya aliposahihisha upya aliweka vema kwenye jibu la kwanza tu, akapita. Zile 3/8 tatu mvulana alizikata mwenyewe, moja moja, kwa rula.