Kizibo cha soda kimenifaa kuliko fomu

Aliyenishauri nitengeneze fomu ya mtandaoni ya kukusanya taarifa za dhoruba za Ziwa Victoria nilimwamini kwa sababu alikuja mwaloni na kompyuta mpakato na viatu visivyo na tope. Fomu ikawa na vipengele ishirini na kitu: latitudo, longitudo, kasi ya upepo, kipenyo cha mvua ya mawe. Nikaisambaza Musoma na Shirati huku Tanzania, Muhuru Bay na Mfangano kule Kenya, hadi Sigulu kule Uganda. Mwezi mzima yakarudi majibu manne. Mmoja kwenye "mahali" kaandika "hapahapa", na kwenye "wakati" kaandika "sasa hivi". Nikaifuta.

Mimi nachaji simu za wavuvi wa dagaa, kwa hiyo namba za watu ninazo, na za ndugu zao ng'ambo pia. Nikafungua grupu la WhatsApp. Ziwa Victoria lina tabia yake: mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu na radi hupiga huko, usiku hugeuka, pepo za kila upande zikakutana juu ya maji na kupandisha mawingu. Na dagaa huvuliwa usiku, tena usiku wa giza la mwezi. Utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania, nausoma, wa Kenya na Uganda pia. Lakini nilitaka aliyeloa mwenyewe aseme kaloa wapi na saa ngapi, wa ng'ambo asikie kabla hajasukuma mtumbwi.

Saa ngapi! Hapo niliumbuka. Ujumbe kutoka Muhuru Bay: "Upepo mkali, 2.00 usiku." Nikaandika kwenye daftari saa mbili usiku. Kumbe kaandika kwa saa ya Kizungu, yaani saa nane. Kutokana na kosa hilo nikamshikilia kaka mmoja wa Sigulu kwamba dhoruba ilianzia Muhuru saa mbili, ikamfikia yeye saa tano. Yeye kasema upepo ulianzia kwake, mimi nikamchorea mishale. Wiki nzima! Ndiye aliyenizindua: "Ndugu yangu, sisi kwa Kiganda tunahesabu kama ninyi, ssaawa munaana ni saa nane. Kinachotuvuruga ni tarakimu." Tangu siku hiyo ni marufuku kuandika saa kwa tarakimu. Andika kwa maneno au tuma sauti. Sauti ni bora zaidi, maana hata ngurumo unaisikia nyuma.

Ukubwa wa mvua ya mawe nao ulitutesa. Mtanzania anasema kama shilingi mia, Mkenya kama shilingi ishirini, Mganda kama mia tano, na sarafu hizo hazilingani. Wengine walileta mayai, tukaulizana ya kuku wa kienyeji au wa kisasa. Siku moja nimekaa kibandani nafungua soda, nikakitazama kizibo. Kizibo ni kilekile Kisumu, Jinja na Musoma! Nikatangaza: weka punje ya barafu kiganjani, kizibo kando yake, piga picha. Sikutegemea faida ya pili, lakini ndiyo kubwa zaidi: picha za zamani za kuzungushwa zilikoma. Mtu anayekuletea picha ya miaka mitatu iliyopita hana kizibo ndani yake. Jamaa wa Kericho, huko kwenye chai ambako mvua ya mawe ni jambo la kawaida, sasa anatembea na kizibo mfukoni.

Gharama? Elfu mbili tatu za vifurushi kwa wiki, isipokuwa siku nilipokuwa Sirari na simu ikanasa mtandao wa Kenya bila kuniuliza. Salio lote likaenda. Ukiwa mpakani, zima mtandao wa nje kabla hujafungua picha.

Lawama ninazo pia. Usiku mmoja niliwapigia kelele watu wa kwetu kwa sababu Mfangano ilikuwa inawaka radi. Wakabaki nchi kavu, na kwetu halikudondoka hata tone. Mwenye mtumbwi mmoja hadi leo anachaji simu kwa jirani.

Juzi Sigulu wametuma picha ya kizibo peke yake, juu ya kiganja kilicholoa: "Imeshayeyuka, ila ilikuwa sawa na hiki." Nimeandika: Sigulu, saa kumi jioni, kizibo kimoja.