Umenunua hisa za nje, sawa, ila jina la nani liko kwenye daftari?

Naulizwa sana jinsi ya kumiliki hisa za Apple au Toyota bila kutoka nchini kwako, na jibu langu ni lile lile, kununua sio kazi siku hizi, kazi ni kujua umenunua nini hasa. Kuna apu zinakuuzia CFD, hapo unabashiri tu bei na broka wako, hisa yenyewe huna wala kura kwenye mkutano mkuu huna, na watu wanakaa nayo mwaka mzima wakijiita wanahisa!! Soma maelezo kabla hujabonyeza.

Ukinunua hisa halisi ya Marekani kupitia broka, kwenye daftari la kampuni kwa kawaida linakaa jina la Cede & Co., kampuni inayoandikishwa hisa kwa niaba ya mabroka na benki, wewe unaonekana kwenye vitabu vya broka. Ndo mfumo wao na ni halali kabisa, ila ndo maana leseni ya broka ni kitu cha kukagua kwanza. Broka mwanachama wa SIPC, shirika la Marekani la kuwalinda wateja wa mabroka, akifilisika unalindwa mpaka dola 500,000, bei ikishuka hakuna wa kukulinda.

Toyota nayo inauzwa New York kwa ADR, yaani benki inashika hisa zenyewe halafu inatoa cheti kinachouzwa kwa dola, cheti kimoja ni sawa na hisa 10. Njia hii ipo tangu 1927, ilianza na hisa za Selfridges ya Uingereza.

Sasa kodi, hapa naomba msome taratibu. Broka atakujazisha fomu ya W-8BEN, ya kuthibitisha kuwa wewe si mtu wa Marekani kikodi. Gawio la dola 100 kutoka kampuni ya Marekani linakatwa 30, unapata 70, labda nchi yako iwe na mkataba wa kodi nao. Na linaloniuma zaidi ni mirathi, asiye raia wala mkazi wa Marekani akifariki na hisa za kule zinazozidi dola 60,000, familia inaweza kudaiwa kodi inayofika mpaka 40%, na wengi hawajawahi hata kusikia.

Ndo maana mi napendelea ETF (mifuko ya hisa nyingi inayouzwa sokoni kama hisa moja) zilizosajiliwa Ireland, kampuni ndani ni zile zile za S&P 500, orodha ya kampuni kubwa kama 500 za Marekani, ila kodi hiyo ya mirathi haizigusi, na gawio linakatwa 15% ndani ya mfuko. Kuitambua angalia namba ya ISIN, ile ya utambulisho wa hisa au mfuko, ikianza na IE ni ya Ireland, ikianza na US ni ya Marekani.