Masika ziwani: acha kuuliza kama itanyesha, uliza unavuka saa ngapi

Kila mwaka Machi ikiingia simu yangu haipumziki, dada Ziwa Victoria likoje, dada mvua imeanza huko, dada tunataka kuleta watoto Kalangala, kule visiwa vya Ssese, Pasaka sijui tupande boti au tungoje mwezi wa sita. Mvua imeanza ndio, sasa masika mlitaka ianze lini? Wote wanauliza kitu kilekile, kama itanyesha, na hilo swali nimeshalichoka maana kuanzia katikati ya Machi mpaka mwisho wa Mei huku itanyesha tu, leo isiponyesha kesho itanyesha, itakulowesha utajikausha maisha yataendelea. Cha kuuliza ni saa. Unavuka saa ngapi, na upepo umelala au umeamka.

Mi ni mtu wa mivumba, nguo za mitumba. Nachukua marobota soko la Owino Kampala, nafungua, nachagua, nafunga upya kwenye makavera, mifuko ya plastiki, mazito halafu nashuka Kasenyi pale karibu na Entebbe na kuvuka nayo visiwani, Koome, Bukasa, wakati mwingine mpaka Bugala. Kiswahili nilikipata kambini Jinja nilikokulia na visiwani ndio kinanilisha, maana ukimkuta Mganda, Mkongo, Mjaluo na Msukuma kwenye mwalo mmoja wanabishana bei ya jinzi, watabishana kwa lugha gani nyingine.

Sasa kuhusu hizo saa. Hili ziwa ni karibu kilomita za mraba 69,000, sisi Uganda tumegawana na Tanzania na Kenya, na kwa ukubwa huo kina chake si cha kutisha sana, pale panapozama kabisa ni mita 80 na kidogo. Maji mengi namna hiyo chini ya jua la ikweta yanajitengenezea hali ya hewa yao wenyewe. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa inapanda huko juu ya Kampala na Mukono na upepo wa ziwani unaingia kuchukua nafasi yake, ndio maana utakuta radi inawapiga watu wa mjini saa tisa mchana na sisi huku majini jua linatuchoma. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, upepo unatoka pande zote za nchi kavu unashuka ziwani na kukutana katikati, na ukishakutana hauna pa kwenda isipokuwa juu, na hewa yenyewe imebeba mvuke wa kutosha. Hapo ndipo mawingu ya radi yanapojijenga usiku wa manane, yanapasuka kuelekea alfajiri, halafu yanasukumwa kwenda magharibi kwa sababu upepo wa juu huku kwa kawaida unatoka mashariki. Huko magharibi wako nani? Ssese, Masaka, ukishuka zaidi Bukoba. Ndio maana Ssese kuna msitu na kijani kila kona na Bukoba wanalia na mvua wakati watu wa Musoma upande wa pili wanaitafuta.

Kwa hiyo hesabu yangu ya masika iko hivi, kuanzia saa nane usiku mpaka saa mbili asubuhi sipandi boti ya mbao hata unibebe. Nikiamka nakuta radi inaunguruma upande wa kusini natulia, naagiza chai na rolex, ile chapati ya mayai, nangoja. Mara nyingi ikifika saa tatu, saa nne hivi, yale mawingu ya usiku yameshachoka na yale ya mchana bado hayajajijenga, ziwa linakaa kama limemwagiwa mafuta, na hapo mpaka saa nane tisa mchana ndio muda wa mtu mwenye watoto.

Shida ni kwamba biashara ya visiwani inataka kinyume. Samaki lazima afike asubuhi kabla barafu haijayeyuka, makaa na ndizi zinataka soko la mapema, kwa hiyo boti za mizigo zinatoka visiwani usiku au alfajiri, saa zilezile ambazo ziwa liko kwenye hasira zake, na abiria wanadandia juu ya magunia kwa sababu nauli ni nafuu na wanataka kuwahi Kampala warudi jioni. Agosti 2023, na hiyo wala haikuwa masika, boti iliyotoka Kalangala kuja upande wa Entebbe na makaa na vyakula na mukene, wale dagaa wetu, ilizama alfajiri, watu 20 wakafa. Polisi walisema mzigo ulizidi na hali ya hewa ilikuwa mbaya, na mimi kila nikisikia maelezo ya namna hiyo naongeza kimoyomoyo, na saa. Boti ileile, mzigo uleule, saa tano asubuhi, pengine tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Halafu kuna hili la upepo. Watu wanaangalia mvua kwa sababu mvua inaonekana, lile pazia la kijivu linakuja taratibu unajiambia bado liko mbali nitafika. Lakini wingu la radi likianza kumwaga mvua linashusha na hewa baridi pamoja nayo, ile hewa ikigonga maji inatawanyika pembeni kwa nguvu na kutangulia mbele ya mvua yenyewe, kwa hiyo unapigwa na upepo wakati juu yako bado hakuna hata tone. Dalili yake ukiwa majini ni mstari mweusi. Maji yanang'aa, yanang'aa, halafu pale mbele yanakuwa meusi ghafla kama kuna mtu kayapaka wino, na ule weusi unasogea. Kabla yake unasikia baridi shavuni. Ukishasikia ile baridi huna nusu saa, una dakika, na nahodha anayejua kazi hapo hapo anageuza pua ya boti ielekee upepo na kupunguza injini, maana mawimbi ya ziwa sio kama ya bahari, ni mafupi na yamebanana, hujapumua la kwanza la pili limefika, na boti iliyojaa ikiyapokea ubavuni inakunywa maji mpaka ilewe.

Mzee mmoja ninayevuka naye sana pale Kasenyi haangalii mbingu kwanza. Anapiga simu. Ana mtoto wa dadake Koome, na siku moja nimesimama pale na marobota yangu namuuliza, mzee tunaondoka? Akaniambia ngoja nyabo, yaani mama, akamuuliza yule kijana, turubai za watu wa mukene huko zimelala au zinapepea? Kijana akasema zimelala. Na zile boti zilizofungwa, kamba zimekaza? Hapana mjomba, zimelegea. Ndio akageuka kuwaambia vijana wapakie. Yaani kwa maswali mawili na dakika moja ya maongezi kajua upepo wa ng'ambo vizuri kuliko mimi na simu yangu kubwa yenye picha za mawingu. Ingawa na hizo picha sizidharau. Mamlaka ya hali ya hewa ya hapa inatoa utabiri wa ziwa, upepo na mawimbi vinatajwa humo, na mtu akisharusha kwenye grupu za WhatsApp za mwaloni mnasoma wote. Tatizo langu na utabiri ni la msomaji tu, tunasoma "mvua ya radi usiku na asubuhi" tunakata "usiku na asubuhi" tunabaki na "mvua".

Kupanda boti Kasenyi kwenyewe masika ni sinema. Boti haiji mpaka nchi kavu, inasimama pale maji yanapofika kiunoni na vijana wanakubeba begani, wewe na mzigo wako, kwa malipo, na kama ni mama mwenye mwili wanakuja wawili na bei inapanda bila aibu. Siku ya wimbi yule anayekubeba anasubiri wimbi lipite, anakimbia hatua tatu, anasimama, linakuja lingine anakuinua juu zaidi, anakimbia tena, na ukifika unatupwa ndani kama robota. Mi hilo nimegeuza kipimo. Kama kijana anashindwa kusimama wima pale karibu hivyo, basi huko nje baada ya visiwa vya kwanza, ambako hakuna tena cha kuzuia upepo, hakunihusu.

Na laifujaketi jamani. Vaa. Kuna boti nimeshapanda zimo kabisa, za rangi ya chungwa iliyofifia, abiria wamezikalia kama mito kwa sababu mbao ni ngumu. Ukivuta ya kwako uvae mtu anakuangalia kama umemtukana nahodha. Vaa hivyohivyo na ufunge kile kibano, kama kibano kimekatika omba nyingine kabla hamjaondoka. Na boti ndogo zile bapa zisizo na mkuku, watu wanaziita parachuti, hizo achana nazo kabisa ukitaka kutoka nje ya ghuba. Kanuni za uvuvi hapa zinataka boti ya Ziwa Victoria isipungue futi 28, na tangu jeshi liingie ziwani 2017 kusimamia hayo watu wana mengi ya kusema kuhusu jeshi na mi siingii huko, lakini kuhusu urefu wa boti nawaunga mkono, boti fupi kwenye mawimbi yaliyobanana ni jeneza.

Masika pia ndio maji yanapanda. Maji mengi yanayoingia ziwani hayatoki mitoni, yananyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe, mlango wa kutokea ni mmoja tu pale Jinja kwenye Nile, kwa hiyo mvua za Machi na Aprili zikiwa nzito hesabu yake unaiona Mei. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kikapita ile rekodi ya zamani ya mita 13.41, nayo pia ilikuwa Mei, Mei ya 1964. Mwaka ule wa 2020 nyumba za mwaloni zilikaa majini, vyoo vikafurika, na wale vijana wa kubeba watu begani walikuwa wanashukia mahali palipokuwa duka la chapati. Na maji yakipanda na upepo ukipiga, yale mafunjo ya pembeni yanang'oka na udongo wake, unakuta kisiwa kizima kinatembea. Aprili 2020 kimoja kilikwenda mpaka bwawa la umeme la Nalubaale pale Jinja, kikaziba mitambo na nchi nzima ikakosa umeme. Ukiwa kwenye boti usiku hicho kitu hukioni, na injini ikimeza mizizi yake inazima, sasa fikiria inazimia wapi. Sababu nyingine ya mimi kupenda saa nne asubuhi.

Wanaonitia huruma ni wavuvi wa mukene. Wao hawana ruhusa ya kuchagua saa, mukene anavuliwa usiku wa giza, mwezi ukipotea, kwa taa zinazoelea, kwa hiyo wako katikati ya ziwa hasa zile saa ninazokwambia zikwepwe, na radi wanaiona kwa mwanga wake wenyewe. Wakirudi salama na mzigo bado hawajamaliza, mukene anataka jua, ukimwanika masika mvua inamkuta juu ya wavu, akilowa mara mbili anabadilika rangi na harufu na hapo anaenda kwa wasaga chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mteja wangu mmoja Bukasa, mama wa mukene, Aprili huwa ananilipa gauni kwa awamu na mimi namwachia, najua jua likirudi atamaliza.

Wenye watoto mnaotaka Kalangala Pasaka, pandeni meli. MV Kalangala inatoka Nakiwogo, hapo Entebbe, saa nane mchana na kule Lutoboka, upande wa Kalangala, inaondoka saa mbili asubuhi, safari ni kama masaa matatu na nusu, ila pigeni simu kwanza muulize kama iko kazini maana nayo kuna siku inapelekwa matengenezo. Ikiwa haipo zungukeni kwa barabara mpaka Masaka, mteremke Bukakata, pale feri ni ya bure na mkono wa maji wa kuvuka kwenda Luku, upande wa Kalangala, ni mfupi. Safari inakuwa ndefu, gari linachafuka, watoto wanatapika njiani, lakini wanatapikia nchi kavu.

Wa Ziwa Albert msione nimewasahau, kwenu kule milima ya pande zote mbili inaminya upepo unashuka kwa ghafla zaidi, na ile boti ya wakimbizi wa Kikongo waliokuwa wanarudi kwao Machi 2014 mnaikumbuka, walikufa zaidi ya 200. Kule mimi si mwenyeji, muulizeni mtu wa Ntoroko au Kaiso.

Na hili la kungoja mwezi wa sita mniache nalo. Mvua zikikatika ndio upepo wa kusini unaanza, Juni, Julai mpaka Agosti, anga safi kabisa, na ule upepo hauna mapumziko ya saa nne asubuhi, unakuja kutoka upande wa Tanzania na ziwa lote la kukimbilia, ukifika kwetu kaskazini mawimbi yameshakomaa. Masika angalau inakupigia honi. Mzigo wangu mkubwa wa Bukasa nautoa kabla Mei haijaisha, shule zikifunguliwa watu wanataka sweta, na Juni nauzia hapahapa Entebbe kando ya barabara.